Maswali Yenu: Wachungaji wa Kinorwei kule Marekani, nani aliwalipa na nani aliwafukuza

Mwangaluka wasomaji wetu wa kanda ya ziwa, na shikamooni wakubwa. Toleo lililopita tuliweka picha ya wageni kutoka Minnesota waliokuja kutembelea usharika mmoja wa Kilutheri hapa Mwanza, chini yake tukaandika mstari mmoja tu, kwamba mababu zao walikuwa Wanorwei waliohamia Marekani wakaanzisha kanisa lao huko. Basi meseji zikaanza kumiminika, nyingine ndefu kuliko makala zetu. Nimechagua hizi, zilizofanana nimeziunganisha.

*Shikamoo mhariri. Sisi tulihamia Mwanza kutoka Karagwe na wazazi wetu walisali sebuleni kwa mtu muda mrefu sana ndo mchungaji akaja. Hao Wanorwei nani aliwapelekea mchungaji? – Mama Koku, Igoma*

Marahaba dada. Hakuna aliyewapelekea. Kundi la kwanza liliondoka Stavanger mwaka 1825 kwa meli ndogo iitwayo Restauration, watu 52, wakafika New York wakiwa 53 maana kuna mama alijifungua baharini, na ndani ya meli hiyo hakukuwa na mchungaji hata wa dawa. Wengine walikuwa Wakweka (Quakers, dhehebu lisilo na wachungaji), wengine watu wa uamsho wa Hans Nielsen Hauge, yule mlei aliyezunguka Norwei nzima akihubiri mpaka akatiwa ndani. Kwa hiyo kukaa bila mchungaji hakukuwasumbua sana, walikuwa wameshazoea kukutana majumbani na kusomeana mahubiri ya vitabuni, kama wazazi wako tu.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1843. Mwezi wa kumi mwaka huo walibarikiwa watu wawili kwa kupishana wiki mbili hivi, na wote walibarikiwa na wachungaji wa Kijerumani maana wa Kinorwei hakuwepo. Mmoja ni Elling Eielsen, mhubiri mlei kutoka Voss kule Norwei, mtu wa Hauge damu damu. Mwingine ni Claus Lauritz Clausen, ambaye hata Mnorwei hakuwa, alikuwa Mdenishi, akapewa watu wa Muskego kule Wisconsin. Hawa walikuwa wanasalia kwenye ghala la mzee mmoja anaitwa Even Heg, wakajenga kanisa la magogo lililowekwa wakfu mwaka 1845. Kanisa hilo bado lipo, walilihamisha wakaenda kulisimamisha kwenye seminari ya Kilutheri mjini St. Paul.

Mchungaji wa kwanza aliyebarikiwa kabisa na kanisa la Norwei alikuja 1844, J.W.C. Dietrichson, na hata yeye nauli yake hakulipa askofu wala mfalme, alilipiwa na fundi wa kupaka nguo rangi wa Christiania, ambayo leo ni Oslo. Akafika Koshkonong, Wisconsin, akahubiri ghalani, kesho yake akahubiri chini ya mti wa mwaloni. Huyu ana stori zake, nitarudi kwake sasa hivi kwenye swali la hela.

*Mhariri, usharikani kwetu kila Jumapili ni bahasha, ahadi, mavuno, jengo, mnada wa kuku. Na huko Marekani wazungu walichangishwa hivi hivi au serikali ilikuwa inalipa? – Mchovu wa Bahasha, Buswelu*

Ndugu yangu Mchovu, umeuliza swali ambalo ndo moyo wa habari yote hii.

Kule Norwei kanisa lilikuwa la serikali. Mchungaji aliteuliwa na mfalme, alikuwa ofisa wa serikali kama mkuu wa wilaya, ana shamba lake la kanisa, ana fungu la mavuno ya watu, na mkulima alimvulia kofia njiani. Umpende usimpende, yupo, hutamfukuza wewe. Sasa vuka bahari ufike Wisconsin, sheria ya Marekani inasema serikali haigusi mambo ya kanisa, hakuna atakayemlipa mchungaji ila nyinyi wenyewe. Wakulima wakakaa kikao, wakaandika barua ya wito, humo wanataja mshahara kiasi gani kwa mwaka, nyumba, ardhi ya kulima, na sadaka maalum ya mchungaji mara tatu kwa mwaka, Krismasi, Pasaka na Pentekoste. Siku hizo watu waliinuka mmoja mmoja wakaizunguka madhabahu na kuweka hela mbele ya macho ya wote, kwa hiyo usifikiri ile presha ya kuonekana nani katoa nini imeanzia Buswelu. Ubatizo na ndoa navyo vilikuwa na chake. Na asiye na hela taslimu, na wengi mwanzoni hawakuwa nazo maana shamba lenyewe ndo kwanza linafyekwa, alileta nafaka au nyama.

Lakini ona kilichofuata. Dietrichson alikuja na akili ya Norwei kichwani, akawawekea watu masharti ya kuingia usharika, na mojawapo ni kwamba uahidi hutampokea mchungaji yeyote ambaye hakuitwa na kubarikiwa kwa utaratibu, na huyo utamtii. Wengi walisaini. Kuna mmoja akatengwa kwa mwenendo wake, akaendelea kuja ibadani na kukaa anapotaka, mchungaji akaamuru atolewe nje. Norwei stori ingeishia hapo. Marekani yule bwana akaenda mahakamani na mchungaji akashitakiwa, kesi ya kweli kabisa, kwa kumtoa mtu kanisani. Mwaka 1850 Dietrichson akarudi kwao moja kwa moja.

Na kuna kali kuliko hiyo. H.A. Preus alikuwa kiongozi wa Sinodi ya Kinorwei, yaani umoja wa sharika na wachungaji ulioundwa 1853, mtu mkubwa, rais wa sinodi nzima. Miaka ya 1880 likazuka bishano la uteule, yaani Mungu anamchagua mtu aokoke bila kuangalia chochote au anaangalia imani atakayokuwa nayo. Usicheke, watu walinuniana kwenye maduka kwa hilo, ndugu wa tumbo moja wakasali makanisa mawili yanayotazamana. Basi Ijumaa Kuu ya mwaka 1883, huko Norway Grove, Wisconsin, washarika waliokuwa upande wa pili wakamtoa Preus nje ya kanisa kwa mikono, pamoja na mwanae ambaye naye alikuwa mchungaji. Ijumaa Kuu! Rais wa sinodi!

Mimi sisemi ilikuwa sawa. Ila ukitaka kujua kwa nini kanisa la wakulima wale lilikuwa na vikao virefu na ubishi usiokwisha, ni kwa sababu kila aliyekaa kwenye benchi alijua benchi amelinunua yeye. Mtu wa Norwei aliyekuwa anavua kofia akimuona mchungaji, miaka michache baadaye ndo anayenyoosha mkono kwenye kikao kuuliza hela ya kuni za mchungaji imetumikaje. Wachungaji wengi waliosoma chuo kikuu Christiania hawakulizoea hilo mpaka wanakufa, waliandika barua nyumbani wakilalamika kwamba hawa watu uhuru umewapanda kichwani. Mimi nasoma naona ni walalamikaji ndo walikuwa na shida. Kwa hiyo Mchovu, bahasha lipa, lakini na mapato na matumizi uliza.

*Mimi ni mwinjilisti huku Sengerema. Kuna wanaosema asiyevaa joho na kola asisimame kuhubiri. Historia ya hao Wanorwei inasemaje?*

Mwinjilisti, bwana asifiwe. Norwei walikuwa na sheria ya mwaka 1741 iliyokataza walei kufanya mikutano ya dini bila ruhusa ya mchungaji, ndo iliyomfunga Hauge kuanzia 1804, na ilikuja kufutwa 1842. Kwa hiyo watu wa Hauge walipofika Marekani walikuwa na kidonda. Eielsen hata baada ya kubarikiwa alikataa mavazi, akahubiri na nguo zake za kazini, akaimba bila liturgia ndefu, akasisitiza toba na kuongoka. Dietrichson na wenzake wao walisimama na joho jeusi na ile kola nyeupe pana ya mikunjo inayozunguka shingo, ya tangu enzi na enzi. Eielsen alipomuona mtu kavaa ile kola alijua ameshapotea, na Dietrichson naye akasema Eielsen si mchungaji halali. Eielsen akaanzisha sinodi yake 1846, wengine yao 1853. Ila walioishi huko porini miaka ile waliona ni Eielsen aliyewafikia kwanza, na ni yeye aliyefunga safari mpaka New York kuchapisha Katekisimo Ndogo ya Luther kwa Kiingereza ili watoto wasije wakapotea, sehemu ya njia akitembea kwa mguu.

Wazee wa Bukoba wanaokumbuka uamsho wa miaka ya arobaini, walei wakihubiri njiani na sokoni na wachungaji wakiwa hawajui wafanye nini nao, hii stori haitawashangaza hata kidogo.

*Ndugu mhariri, nilisoma mahali kwamba wachungaji wa Kilutheri wa Marekani walitetea utumwa. Ni kweli au ni maneno ya kuchafua? – Mwalimu wa historia, Nansio, Ukerewe*

Mwalimu, ni kweli, na siyo ya kupita juu juu.

Wachungaji wa Sinodi ya Kinorwei hawakuwa na chuo chao. Mwaka 1857 waliamua vijana wakasomee uchungaji St. Louis, Missouri, kwenye seminari ya Concordia ya Walutheri wa Kijerumani, kwa sababu Wajerumani hao walikuwa wameshika mafundisho bila kuyumba. Sasa Missouri ilikuwa jimbo la utumwa, na mkuu wa Wajerumani wale, C.F.W. Walther, alikuwa anafundisha kwamba Biblia haisemi kumiliki mtumwa ni dhambi. Mwaka 1861 vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza, seminari ikafungwa, na wakulima wa Wisconsin na Iowa, ambao wengi wao walikuwa upande wa Lincoln, wakauliza gazetini: hivi watoto wetu wanafundishwa nini huko?

Aliyejibu ni Laur. Larsen, mwalimu wa Kinorwei aliyekuwa St. Louis. Jibu lake: kwa Neno la Mungu utumwa wenyewe kama wenyewe si dhambi. Moto ukawaka. Juni mwaka huo huo sinodi ikakutana na wachungaji wakatoa tamko la pamoja, kwamba kushika watumwa si dhambi kwa yenyewe, ingawa utumwa ni uovu na adhabu kutoka kwa Mungu, na ukatili wote wanaulaani. Soma tena mwalimu. Ni uovu, lakini si dhambi. Mtu amesoma Kigiriki na Kiebrania ndo anaweza kuandika sentensi kama hiyo, mkulima hawezi.

Na wakulima hawakuikubali. Clausen, yule Mdenishi wa Muskego, alisaini tamko halafu muda si mrefu akatangaza kwamba ameifuta saini yake, hakuweza kulala nayo. Yeye akaenda vitani kama mchungaji wa jeshi, kwenye kikosi cha 15 cha Wisconsin, kilichojaa Waskandinavia, na kamanda wa kikosi hicho alikuwa Hans Christian Heg, mtoto wa mzee Even Heg mwenye lile ghala nililolitaja juu. Heg akapigwa risasi kwenye mapigano ya Chickamauga, Septemba 1863, akafa akipigana dhidi ya majimbo ya utumwa. Watu wa kanisa lake wanakufa vitani, wachungaji wao wanaendelea kuandika makala ndefu kuhusu waraka kwa Filemoni, ile barua ya Paulo inayomhusu mtumwa. Bishano halikuisha hata vita ilipoisha, na 1868 Clausen akaondoka kwenye sinodi kabisa.

Faida moja ilipatikana. Ugomvi ule uliwaharakisha kuanzisha chuo chao wenyewe, Luther College, kilichoanza 1861 ndani ya nyumba ya mchungaji na mwaka uliofuata kikahamia Decorah, Iowa, na kipo mpaka leo. Na Larsen akawa mkuu wake! Ndo mambo ya kanisa hayo.

Nilipofikia hapa niliikumbuka Kageye, kule Magu, ambako misafara ilifika ziwani na watumwa wakapitishwa, Stanley naye alipiga kambi hapo 1875. Ukisimama pale huhitaji mtu akutofautishie uovu na dhambi.

*Mke wa mchungaji naye alikuwa na cheo huko? Maana huku mama mchungaji anabeba mzigo na hana mshahara. – Mama wa Jumuiya, Nyakato*

Hakuwa na cheo, mzigo alikuwa nao. Elisabeth Koren alikuja Iowa na mumewe Desemba 1853, msichana wa familia ya wasomi, na nyumba ya mchungaji haikuwa tayari, wakaishi miezi kwenye kibanda cha magogo cha chumba kimoja na mkulima Egge, mkewe na watoto wao wawili, pazia katikati. Mume yuko safarini siku zote, kubatiza na kuzika, maana eneo lake lilikuwa kaskazini mashariki ya Iowa mpaka ndani ya Minnesota. Yeye anabaki anaandika shajara, na ni shajara hiyo, kuliko kumbukumbu za vikao vya sinodi, inayotuambia watu walikula nini na baridi ilikuwaje. Kibanda hicho kimehifadhiwa kwenye makumbusho Decorah.

Na yupo Oline Muus, huyu alikuwa moto. Mumewe Bernt Julius Muus ndiye aliyeanzisha shule ya St. Olaf mwaka 1874 kule Northfield, Minnesota, mtu wa kuheshimika. Oline alirithi hela kwa baba yake, mume akazishika kwa hoja kwamba kwa sheria ya Norwei mali ya mke ni ya mume. Mke akampeleka mahakamani, Marekani hapa siyo Norwei, na magazeti yakasherehekea. Usharika ukakaa vikao juu ya vikao mwaka 1880 kujadili ndoa ya mchungaji wao. Mwishowe alipata sehemu tu ya hela zake na ndoa ikafa.

Kura kwenye vikao wanawake hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni vyama vyao vya kushona, wanafuma soksi na shuka, wanaziuza kwa mnada, hela inanunua kengele, kinanda, inapelekwa kwa wamisionari wa Madagaska. Sharika nyingi bila mnada wa akina mama zisingekuwa na kitu zaidi ya benchi.

*Hao ndio waliotuletea Ulutheri Tanzania? – Kijana, Kirumba*

Hapana mdogo wangu. Walioanza ni Wajerumani, wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893, wa Betheli walifika Bukoba 1910. Walutheri wa Marekani waliokuja Singida 1926 ni wa sinodi ya Augustana, hao asili yao Wasweden. Wanorwei wa Marekani walituingilia baadaye kwa mlango wa muungano: sinodi zao tatu kubwa ziliungana Juni 1917 mjini St. Paul, ikaja nyingine 1960, na 1988 wakawa pamoja na wale wa Augustana kwenye kanisa la ELCA, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani. Ndo maana mgeni wa Minnesota leo anaweza kuwa na babu Mnorwei na bibi Mswideni na asione tatizo.

*Kwetu wazee wanataka ibada ya Kihaya, vijana wanataka Kiswahili. Wanorwei walifanyaje na lugha yao? – Mzee wa kanisa, Pasiansi*

Shikamoo mzee wangu. Waliishikilia kwa meno. Mtoto wa kipaimara alikariri kwa Kinorwei Katekisimo pamoja na maelezo ya askofu Pontoppidan ya mwaka 1737, yenye maswali na majibu 759, au kifupi chake kama mchungaji ana huruma. Wakulima walisema Mungu anaelewa Kiingereza ila wao hawamuelewi kwa Kiingereza. Halafu ikaja vita kuu, na Mei 1918 gavana wa Iowa, William Harding, akatoa amri kwamba hadharani, shuleni, kwenye simu, kwenye treni na hata kanisani ni Kiingereza tu. Ilimlenga Mjerumani, ikampiga na Mnorwei, na kuna bibi wengi walikaa kanisani wakisikiliza mahubiri wasiyoyaelewa.

Lakini mzee, amri ile siyo iliyoua Kinorwei, ilikiharakisha tu. Kilichokiua ni wajukuu. Sharika nyingi zilifanya ibada mbili, ya Kinorwei asubuhi na ya Kiingereza baadaye, kisha Kinorwei kikabaki mara moja kwa mwezi, kisha siku za sikukuu, na mwaka 1946 kanisa likaliondoa hata neno Norwei kwenye jina lake. Minneapolis liko kanisa moja, Mindekirken, linalosali Kinorwei mpaka leo kila Jumapili. Kwa ushauri wangu pangeni ibada mbili, na wazee wasiwe ndo wanaopewa saa mbaya.

*Eti ni kweli wanapika samaki na magadi? – Baba Jeni, mwalo wa Igombe*

Ni kweli kaka, wanaita lutefisk. Ni samaki wa baharini aliyekaushwa mpaka anakuwa gogo, wanamlowesha kwenye maji ya magadi makali siku kadhaa, wanamsuuza na maji safi siku kadhaa tena, wanamchemsha anakuwa kama jeli, anamiminiwa siagi. Chini ya makanisa ya Minnesota na Wisconsin ukifika msimu wa baridi wanauza tiketi, watu wanapanga foleni mpaka nje, na hela inaingia kwenye mfuko wa usharika. Kwa hiyo kama unataka kuanzisha kitu kama hicho na kayabo, peleka wazo kwenye baraza la wazee usharikani kwenu, usiniletee mimi.